Pua ya Shangazi Milojka

Brajdnik, 3 Machi 2019

Jerneja mwanangu,

Salamu zikufikie huko Vienna, na zikukute umevaa soksi. Huku tupo. Upepo wetu wa burja umevuma juma zima bila kupumzika, umeng'oa vigae vya banda la kuni na kuvipeleka kwa Silvo, na huyo jirani yangu asiye na haya nimemkuta ameshavipanga vizuri ukutani kwake kana kwamba amevinunua. Baba yako Rado alikuja Jumapili. Mgongo unamsumbua na bado anasema haumsumbui. Yale mafua ya Januari yaliyonilaza nimepona kabisa. Narudia, kabisa, maana najua Rado ameshakupigia na kuniongezea magonjwa.

Na wewe usinipigie. Kwenye simu mtu husema asichokusudia halafu hana pa kukifutia. Andika.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata karatasi ya kampuni yako ya utalii, inauliza kama wageni wa "safari ya mizabibu" wanaweza kufika kwangu mwezi Mei. Nimewasomea wenzangu hapa kijijini, wamecheka mpaka wakaomba nirudie. Mtu anapanda basi kutoka Denmark kuja kuangalia mizabibu? Mizabibu haifanyi kitu, mwanangu. Imesimama tu. Lakini unajua taratibu za osmica ya nyumba hii tangu bibi yako: tawi likitundikwa njia panda, nyumba iko wazi kwa yeyote, atakula mayai na paja la nguruwe na atakunywa divai yetu, likiondolewa, hata awe askofu atarudi alikotoka. Mei nitatundika. Waje.

Swali moja tu. Silvo anasema aliona kwenye televisheni kwamba watalii wa divai huitia mdomoni, wakaisukutua, kisha wakaitema kwenye ndoo. Nimemwambia asinichafulie wageni wa mtoto wetu. Niambie kwamba ni uongo.

Shangazi yako,
Milojka


Vienna, 21 Machi 2019

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Soksi nimevaa, jozi mbili. Kazi ni nyingi, chumba ni kidogo, na mwenye nyumba amenunua mbwa anayebweka kila lifti inapopanda. Mengine ni mazuri. Nashukuru umekubali. Wageni ni basi dogo tu, Wadenmark na Wajerumani wachache, watu wapole, wengi wastaafu.

Kuhusu kutema, Shangazi, kaa kwanza. Ni kweli. Siku moja wanapita kwa wakulima wanne au watano. Wakimeza yote, wa tano watamfikia wakiwa wamebebwa. Kwao kutema ni adabu. Maana yake wanaionja kwa makini. Tafadhali usimfukuze mtu.

Ila kuna kitu kimenishangaza. Umeniandikia habari za vigae, za mgongo wa baba, za Silvo. Divai hukuitaja. Kila mwaka barua yako ya Machi huanza na teran, divai yetu nyekundu, kabla hata ya salamu: imekaaje, inanuka nini, pipa lipi linanuna. Mwaka huu imekaaje?

Wako,
Jerneja


Brajdnik, 26 Mei 2019

Jerneja,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za shamba, usitafute sababu nyingine. Tuko wazima. Sufuria yangu ya supu ya kabichi imeungua, ile kubwa. Nilikuwa nimesimama pale pale jikoni nikimenya vitunguu, nikashtukia mbwa anakohoa. Ndipo nikageuka nikaona moshi. Uzee huo.

Wageni wako wamekuja na wamekwenda. Walishuka kwenye basi kwa heshima kama wanaingia kanisani, wakapiga picha tawi, wakapiga picha mlango, wakampiga picha Silvo aliyekuwa anapita na toroli la samadi. Silvo akaanza kupita na toroli kila baada ya muda, mpaka samadi ikamwishia.

Nikawashusha stoo ya chini kwenye mapipa. Wakajipanga ukutani, wakaniangalia. Mimi nikawaangalia. Mwisho mama mmoja wa Kijerumani akaninong'oneza, "Hatutaki kukuharakisha. Utaimba ukiwa tayari."

"Niimbe nini?"

"Karatasi inasema Bibi Milojka ndiye mwanamke wa mwisho wa milima hii anayeyaimbia mapipa yake."

Sijui ni shetani gani aliyeandika karatasi hiyo, na sitauliza, ila najua ana macho kama ya kaka yangu. Nimewaimbia wimbo wa kuita kuku. Mama wa Kijerumani alifuta machozi. Kuku wawili walikuja.

Halafu wakakaa uani wakanywa. Wengine walitema, ndiyo, kwenye ndoo niliyowapa, na mimi nikatazama pembeni nikihesabu kengele za kanisa. Lakini yupo Mdenmark mmoja mwenye ndevu, bwana Torben, huyo hakutema. Alimeza, akafumba macho, akakunja uso kama anayetolewa jino, akasema, "Bibi, divai hii inaamsha wafu." Akaomba nyingine. Nikafurahi sana. Hata Silvo, ambaye mwaka mzima hutafuta kasoro kwenye divai yangu, alikaa nao, akanywa glasi nzima mpaka mwisho bila neno, akasema "Nzuri, Milojka," akaenda kwake machozi yakimlengalenga. Wivu ulimshika hasa.

Sasa fanya hivi. Watu hawa nasikia huwa wanaandika maoni. Nitafutie waliyoandika kuhusu divai, uniletee yote. Si sifa za nyumba wala za kuku. Nataka wanasema ladha yake ni nini na harufu yake ni nini, neno kwa neno.

Milojka


Vienna, 4 Juni 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mbwa wa mwenye nyumba amejifunza kubweka hata lifti ikiwa imesimama. Nakutumia maoni kama ulivyoagiza.

Kuhusu teran changa, ile uliyowakaribishia mwanzo, mama wa Kijerumani ameandika: zambarau za porini, matunda meusi yaliyopondwa, jiwe lililonyeshewa mvua, na kwa mbali ngozi ya tandiko. Mwingine ameandika: damu ya ulimini, kwa maana nzuri. Kuhusu ile ya pili, uliyotoa kwenye pipa la nyuma, bwana Torben ameandika: "Uchachu wa kishujaa. Divai isiyomwomba mtu radhi." Mwenzake ameandika kwamba hajawahi kuonja kitu cha asili kama hicho na kwamba fizi zake bado zinakikumbuka.

Nimesoma hilo la pipa la nyuma mara nyingi, Shangazi. Teran yetu ni kali, najua, nimelelewa nayo ikiwa imechanganywa na maji. Lakini haijawahi kumliza Silvo. Na mimi stoo ile naijua gizani. Nyuma, karibu na mlango, kuna mapipa madogo mawili yanayofanana, moja la divai na moja la siki ya saladi. Hakuna hata moja lililoandikwa kitu, kwa sababu hapakuwahi kuwa na haja. Ulikuwa ukipita tu mlangoni pua yako inajua. Ulinifunga kitambaa cha jikoni machoni nikiwa mdogo, ukanipa udongo ninuse, ukanipa jani, ukanipa kizibo, na ulinicheka nikikosea, ukisema mtoto wa Rado ana pua ya mapambo.

Basi naomba unijibu jambo moja. Tangu yale mafua, unasikia harufu?

Wako anayekupenda,
Jerneja


Brajdnik, 30 Juni 2019

Jerneja,

Marahaba. Tuko wazima.

Unauliza kama nasikia. Nasikia vizuri. Kengele ya kanisa naisikia, mbuzi wa Silvo namsikia, Silvo mwenyewe akikoroma ng'ambo ya ukuta namsikia. Masikio yangu hayana neno.

Kuna mhuni anaingia stoo yangu. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua kama siku zote, kwa hiyo anaweza kuwa mtu yeyote wa kijiji hiki. Amechukua chaki akachora kabichi kwenye moja la mapipa madogo ya nyuma. Kabichi, mwanangu. Nimeifuta. Kesho yake nikaikuta tena, safari hii kubwa zaidi na ina majani mengi. Mtu mzima na akili zake anashuka ngazi zangu kwenda kuchora mboga.

Mwambie baba yako aache kuniletea majani ya kufukiza pua. Na mwambie pia kwamba vuli hii sitatundika tawi. Sikukuu ya Mtakatifu Martin mwezi Novemba, juisi inapogeuka kuwa divai, watu waende kwa Silvo. Miguu imechoka. Na kampuni yako iiambie ifute jina langu kwenye karatasi yake.

Milojka


Vienna, 14 Julai 2019

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za mbwa.

Nilikuuliza harufu, ukanijibu masikio. Kwa hiyo nimempigia Silvo, kwa kuwa yeye simu haiogopi. Ameniapisha nisikwambie, nikaapa, na sasa nakwambia. Haikuwa kabichi. Ilikuwa saladi, ila Silvo hajui kuchora. Alitaka ujue kwamba hilo ndilo pipa la siki, bila ya mtu kulazimika kukwambia usoni. Mwezi Mei uliwapa wageni siki, Shangazi. Na Silvo alikunywa glasi nzima ya siki akasema nzuri, na hayo machozi hayakuwa ya wivu.

Si aibu. Mafua yamekuchukulia pua, basi, kama burja ilivyokuchukulia vigae. Sasa ndiyo naelewa supu iliyoungua. Naelewa kwa nini barua ya Machi haikuwa na divai. Lakini nyumba ile haijawahi kukosa tawi siku ya Martin, hata mwaka aliozikwa bibi. Usipolitundika mwaka huu, najua wewe hutalitundika tena, na nitakuwa na shangazi aliyekaa jikoni na mlango umefungwa. Sitaki.

Naweza kuja wakati wa mavuno. Pua yangu ni ya mapambo, lakini inafanya kazi.

Na ile karatasi ya kuimbia mapipa niliiandika mimi. Ulishajua.

Jerneja


Vienna, 27 Agosti 2019

Shangazi,

Mwezi umepita na zaidi. Nikasirikie, lakini nikasirikie kwa maandishi. Baba anasema uko shambani kutwa na ukimwona anakuja unapanda kwenye mizabibu ya juu kabisa, ambako mgongo wake haufiki.

Jerneja


Brajdnik, 15 Septemba 2019

Jerneja mwanangu,

Nimekasirika mpaka hasira ikaisha, ndiyo maana nimekawia. Salamu zako nilizipata zote. Zabibu zimeiva vizuri mwaka huu, wanasema. Nami naziona ni nyeusi. Zaidi ya hapo sina habari nazo.

Basi nikwambie. Tangu Januari kila kitu kina uso lakini hakina jina. Nakata kitunguu, najua ni kitunguu kwa kuwa natoka machozi. Divai ni maji mekundu makali. Siki ni maji mekundu makali. Kahawa ni moto tu. Nimekaa stoo usiku na mchana nikinusa mapipa kama mbwa, nikijidanganya kwamba lile pale linakuja, linakuja, na halikuja. Nimeogopa, Jerneja. Katika milima hii mimi si mrembo, si tajiri, sina watoto. Nilikuwa na pua. Watu walitoka Trieste kuja kuniuliza divai yao ina ugonjwa gani. Sasa nimewapa wageni siki na wakanishukuru.

Barua yako ya Julai nilipoisoma nilikwenda ukutani nikamwita Silvo.

"Silvo, ni wewe uliyechora kwenye mapipa yangu?"

"Chaki gani?"

"Sijataja chaki."

Akakuna shingo. "Haya, ni mimi. Ni saladi ile."

"Si saladi. Na mwezi Mei, ulijua kwamba nimekupa siki?"

"Nilijua kabla glasi haijafika mezani. Hata nyuki waliondoka."

"Mbona ukainywa?"

"Ulikuwa umesimama unaniangalia, Milojka."

"Yote?"

"Uliendelea kuniangalia."

"Ungeniambia tu, mjinga wewe."

"Mbele ya wageni wa watu? Halafu bwana mwenye ndevu akaomba nyingine, nikasema labda mimi ndiye nisiyejua mambo ya kisasa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikageuka kilio, palepale, na Silvo akajifanya anamfunga mbuzi ambaye alikuwa ameshafungwa. Alipomaliza akasema angeniazima pua yake kwa mavuno. Nimemkatalia. Amevuta tumbaku tangu jeshini, pua ile haijui tofauti ya waridi na soksi. Lakini sasa saladi yake siifuti tena.

Na nikwambie la mwisho, ambalo sikutaka kulisema. Maoni ya watalii wako ninayo chini ya mto. Nilipokuwa na pua yangu ningeyacheka: ngozi ya tandiko, jiwe lililonyeshewa. Sasa kila jioni nayasoma. Yule mama wa Kijerumani alivyoandika zambarau za porini, nilikaa, nikafumba macho, na kwa muda mdogo sana teran yangu ilirudi. Si puani. Kichwani, lakini ilirudi. Watu hawa wanaotema kwenye ndoo wamenipa kitu ambacho wenzangu hapa hawawezi, maana wenzangu wakionja husema "nzuri" wakanyamaza.

Usije kwa kunihurumia. Najua vuli ndiyo kazi yenu, mabasi yote yako barabarani. Sikuiti.

Shangazi yako,
Milojka


Vienna, 24 Septemba 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimelia kidogo, nimecheka sana, na mwenye nyumba amegonga mlango akidhani ni mbwa.

Nimesoma vizuri kwamba huniiti. Nami sijasema nakuja. Nimemwomba tu bosi likizo. Akasema hakuna mtu anayepewa likizo wakati wa mavuno, huo ndio wakati watalii wote wanataka kwenda kwenye mizabibu. Nikamwambia basi na mimi ni mtalii. Akasaini, kwa sharti kwamba nirudi na nyumba moja ya kuwapeleka wageni wa Novemba. Bwana Torben ameshaandika mara mbili akiuliza kama ile divai ya pipa la nyuma itakuwepo.

Lakini mimi ni mtoto wa nyumba hiyo na najua taratibu. Pasipo na tawi, mtu habishi hodi. Na kutoka Vienna njia panda haionekani. Naomba tu kujua, limetundikwa au halijatundikwa?

Jerneja


Brajdnik, 1 Oktoba 2019

Jerneja,

Marahaba. Baba yako mzima, mbuzi mzima, Silvo amepaka toroli rangi akisubiri wapiga picha.

Unauliza tawi. Njia panda hakuna kitu, nenda kamuulize yeyote. Ila ndani ya bahasha hii kuna jani moja, nimelichuma kwenye ukuta wa bibi yako, pale ambapo tawi huchumwa siku zote. Usilitupe ukidhani limeingia kwa bahati mbaya. Nyumba imefungwa kwa dunia nzima na iko wazi kwako peke yako. Tawi zima tutalitundika sote siku ya Martin, na wageni wako waje. Wanaotema wakae karibu na ndoo, wanaosema wakae karibu nami, wala wasifupishe maneno. Torben atapata pipa lake la saladi.

Jumamosi tunavuna upande wa kanisa. Juisi itaanza kuchemka kwenye mapipa wiki hiyo hiyo, na mimi nitakuwa nimesimama juu yake kama kipofu dirishani. Nimesema sikuiti. Nimefuta. Ndiyo uzuri wa barua.

Ufunguo uko chini ya chungu. Shuka stoo kabla hujavua koti, usimame mlangoni ulipokuwa unasimama na kitambaa chako machoni, na uniambie unasikia nini.

Milojka